Kadi Alizonifungia Mtani Wangu

Shinyanga,
Jumapili, mwezi wa Juni.

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nina mafua ya vumbi tu, maana huku mvua zimeshakatika na upepo wa asubuhi unaingia mpaka ndani ya mtungi wa maji. Goti lako linaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa lori la pamba, ilifika au aliitumia yeye njiani? Nijibu kweli, nimkabili.

Umeniuliza kwa nini miezi miwili sijaandika. Nilikuwa na aibu, Baba. Nimefanya jambo ambalo ungelisikia kwa mtu mwingine ungesema huyo si Tatu wangu. Nilimshtaki mtani. Nilimshtaki kwa maandishi, nikatia na sahihi, na mtu wa watu akakamatwa. Sasa yamekwisha, ila nataka uyasikie kutoka kwangu, na nakuomba usimsomee shangazi barua hii kabla hujaimaliza mwenyewe.

Unajua kazi yangu ni kwenye mradi wa kutafuta dhahabu, kwenye chumba cha kompyuta, lakini sijawahi kukueleza vizuri tunafanya nini humo. Huko Rwamgasa, upande wa Geita, vijana wanachota udongo kila baada ya hatua mia, wanautia kwenye vifuko, wanauleta hapa Shinyanga. Maabara wanaupima. Vipimo tunavitoboa kwenye kadi za karatasi ngumu, mashine inazisoma, halafu inachapa ramani yenye nukta mahali pasipo na kitu na nyota mahali pa kuchimba shimo la majaribio. Inayoiambia mashine cha kufanya ni programu, nayo pia ni kadi. Kila kadi ni agizo moja: chukua kipimo hiki, kigawe kwa kile, kikizidi hapa chapa nyota. Lugha yenyewe inaitwa Fortran, ni ya zamani kidogo, lakini mashine yetu nayo ni ya zamani, wanaelewana.

Aliyenifundisha yote hayo ni Masanja, Msukuma wa Maswa. Nilikuja kama mtoboaji wa kadi, nikipiga namba tu bila kuelewa, yeye akanivuta kiti karibu na chake. Siku ya kwanza aliposikia mimi Mzaramo alisimama juu ya meza akawatangazia watu wote wafunge chakula chao. Nikamwambia Msukuma hana chakula cha kuibiwa. Tangu siku hiyo, miaka miwili, hatukuwahi kuamkiana kama binadamu wa kawaida. Akiumwa namwambia afe haraka tule ng'ombe zake. Wageni walidhani tunagombana. Baba, katika ugeni huu wote, yeye ndiye aliyenifanya nijione nipo kwetu.

Mwezi wa pili walimhamishia Rwamgasa akasimamie uchotaji wa udongo, na mimi nikabaki na mashine. Wiki mbili za mwisho nilimwona anatoboa kadi mpaka vidole vinamwuma, nikafikiri anasafisha kazi. Siku ya kuondoka alinipa sanduku la kadi limefungwa kwa kamba ya katani. "Mzaramo," akasema, "akili yote ya mashine imo humu. Inafanya kazi vizuri kabisa. Ila ukitaka kuigusa, itabidi kwanza uifungue, na kitu cha mtani hakifunguliwi bure." Nikamwambia aondoke na harufu yake ya ng'ombe. Tukacheka.

Kweli ikafanya kazi. Mwezi mzima niliingiza vipimo, ramani zikatoka. Halafu Meneja akataka mabadiliko madogo: udongo sasa utachotwa kila baada ya hatua hamsini, basi na ramani ifuate. Nikaona ni kazi ya asubuhi moja. Nikachapa programu kwenye karatasi ili niisome.

Baba, sijui nikuelezeje nilichokiona. Programu ya mtu mwenye adabu inaanza kadi ya kwanza na kwenda chini, mara chache inasema rukia kadi fulani, basi. Hii ilikuwa inarukaruka karibu kila kadi. Kadi ya tatu inakwambia nenda ya mia na arubaini. Ya mia na arubaini inakwambia zidisha kwa mbili kisha nenda ya kumi na sita, na ya kumi na sita inagawa kwa mbili, yaani umezunguka bure. Kuna mahali mashine inazunguka mara saba haifanyi lolote, inapumua tu. Vipimo, ambavyo sote tunavipa majina ya kueleweka, yeye ameviita EMBE, PWEZA, UVIVU, FENESI. Na mashine haijali! Ndicho kilichonishangaza tangu mwanzo. Kila agizo lilikuwa halali, hakuna hata moja lililokosewa, na yote kwa pamoja yalikuwa wazimu.

Siku mbili za mwanzo nilicheka. Siku ya tatu nikagusa kadi moja tu, ramani ikatoka nyota tupu, kana kwamba Geita nzima ni dhahabu. Meneja akaja akasimama mgongoni kwangu. "Imekushinda?" Mbele ya maabara nzima. Mwenyewe unajua hasira zangu, umeteseka nazo tangu nikiwa mdogo. Nilichukua karatasi nikaandika: Programu hii imeandikwa kwa makusudi ili mtu mwingine asiielewe. Nikatia sahihi, nikampa. Kila neno lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilikuwa baya.

Meneja si mtu mbaya, lakini kalelewa bwenini na kusoma ng'ambo, utani kwake ni hadithi za redioni. Na siku hizi huku, kama huko kwenu, neno hujuma liko mdomoni mwa kila mtu. Ukikutwa na sabuni mbili zaidi unajieleza. Akaisoma ile karatasi, akasema, "Makusudi?" Nikasema ndiyo. Hasira bado ilikuwa inachemka. Akaipeleka juu.

Wiki haikuisha, Masanja akaletwa kutoka Rwamgasa nyuma ya gari la wazi, askari huku na huku, amevaa viatu vyake vya matope. Tulikuwa uani tunakunywa uji. Alinitazama. Nilingoja aseme neno, hata lile la watu kufunga chakula chao. Hakusema. Wakampeleka mahabusu, na mkewe, Mama Kulwa, akaja na basi kesho yake na pacha wake wawili, mmoja mgongoni mmoja mkononi, akakaa chini ya dirisha la ofisi yetu siku nzima kwa sababu hakujua pengine pa kukaa. Nilimpelekea chai. Akanishukuru. Alikuwa hajui ni mimi.

Ikaundwa kamati ya watu watano. Wakaniambia, wewe ndiye unayeijua lugha hii, una siku tatu, tueleze kadi hizi zinafanya nini. Kama zinapotosha ramani, huyu mtu anakwenda mahakamani kwa kuhujumu mradi. Sikula vizuri siku hizo, Baba. Lakini nikwambie na jingine, usinicheke: nilikuwa na hofu, na wakati huohuo nilikuwa na hamu ya kujua kuliko siku zote za maisha yangu. Njia ya zile kadi ilikuwa inakwenda wapi?

Nikaomba ghala tupu la pamba. Nikazipanga kadi zote sakafuni, mia mbili na kumi na saba, kwa mistari, nikavua viatu. Wanawake wanaozoa pamba wakanipa uzi. Nikafunga uzi kwenye kijiwe juu ya kadi ya kwanza, nikaanza kwenda nilikoagizwa: kila kadi iliposema nenda kule, nilikwenda na uzi wangu, nikaweka kijiwe, nikaendelea. Kutwa nzima nilitembea nimeinama. Wale wanawake walikuja mlangoni kunitazama, mmoja akasema yule Mswahili ameanza kuroga. Jioni ghala zima lilikuwa utando wa buibui. Kesho yake nikaanza kuzikata nyuzi za mizunguko ya bure: ilipozidisha na kugawa, kata, ilipozunguka mara saba, kata. Uzi ukapungua, ukapungua. Kilichobaki, Baba, kilikuwa programu ileile nzuri aliyonifundishia, imenyooka, safi. Hakuibadilisha hata kidogo, aliivalisha matambara tu. Nikachukua vifuko sitini vya udongo, nikavikokotoa kwa penseli mwenyewe, nikalinganisha na ramani. Vyote sitini vilikubaliana. Nilikaa chini pale nikalia, nikajifuta na pamba.

Nilipokuwa naokota vijiwe nikaona kadi tisa hazina kitu juu yake. Uzi haukupita kwazo hata mara moja. Hakuna kadi yoyote iliyoagiza mashine iende huko. Nikazisoma: namba tu, ndefu, ambazo mashine huzigeuza yenyewe kabla ya kuzichapa, kwa macho huwezi kuambulia kitu. Kwa nini mtu atoboe kadi tisa ambazo mashine haitazifikia kamwe?

Sikuweza kujaribu peke yangu. Mashine inataka jenereta, na dizeli hutolewa kwa ruhusa ya Meneja, naye haruhusu bila kuwapo. Nikafikiri: nikiziondoa hizi tisa, kamati haitajua. Nikazitia mfukoni. Nikafika nazo mlangoni, nikasimama, nikarudi nikaziweka mahali pake. Ningependa kukwambia niliogopa Mungu. Kweli ni kwamba nilitaka kujua zinasema nini.

Siku ya kamati walikaa chumbani kwetu kwenye viti vya maabara. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa Tabora, Mnyamwezi, mzee mkimya mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Masanja alisimama karibu na dirisha na askari mmoja. Nikaeleza habari za uzi, nikaonyesha vile vipimo sitini. Wakaafikiana kwamba ramani haikupotoshwa. Nikaanza kupumua. Ndipo Meneja akauliza, "Na kadi zote zinatumika?"

Nikasema, "Zote, isipokuwa tisa."

"Hizo tisa zinafanya nini?"

"Sijui."

Meneja akamgeukia mwenyekiti. "Hapo ndipo alipoficha. Siku moja mashine ingeelekezwa huko na kila kitu kingefutika." Nikamtazama Masanja. Alikuwa anatazama nje.

Mwenyekiti akaniuliza kama ninaweza kuipeleka mashine kwenye zile tisa. Nikasema inahitaji kadi moja tu mpya. "Itoboe," akasema. Nikakaa kwenye mashine ya kutobolea, nikaharibu kadi mbili kabla ya kupata moja. Jenereta likawashwa. Nikatia kadi, mashine ikazila kwa mkupuo, ikanyamaza kidogo kama kawaida yake, halafu kichapishi kikaanza kugonga. Sikuthubutu kutazama. Mwenyekiti ndiye aliyeinama, akasoma kwa sauti yake ya ualimu:

"MZARAMO UMEFIKA. POLE KWA SAFARI. SASA NJOO RWAMGASA NA MTETEA MMOJA MNENE UKOMBOE MALI YAKO. JOGOO SITAKI."

Mzee yule akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika. Akajaribu kukohoa, haikusaidia, akacheka mpaka askari naye akacheka. Meneja akawa anatazama huku na huku. "Anacheka nini?"

Mwenyekiti akaniuliza, "Binti, huyu ni nani wako?"

"Mtani wangu."

"Na alipokupa kadi alikwambia ni utani?"

"Aliniambia kitu cha mtani hakifunguliwi bure."

"Sasa kwa nini ulimshtaki?"

Nikasema, "Nilikasirika."

Hapo kicheko kikakata, Baba. Yule mzee alinitazama kama mtu aliyeniona nimekula mbele ya maiti. "Ulimkasirikia mtani," akasema taratibu. Ikabidi nimweleze Meneja mbele ya wote, kwa sababu nilikuwa na deni hilo. Nikamweleza msiba wa Babu, wewe ulivyokuwa unalia huwezi kusimama, na Mnyamwezi mmoja, mtani wetu, akaingia kaburini akajilaza akasema hatoki, marehemu amemwachia nyumba. Watu wakakuambia mpe kitu, ukatoa jogoo, na ukacheka siku uliyomzika baba yako. Nikasema mtani anakukamatia kilicho chako kusudi umfuate, ukakikomboe, mkae mle pamoja. Masanja alijua baada ya kuhama nitakuwa mpweke na mashine, akanitengenezea sababu ya kwenda kwake. Na alijua nikimaliza kuifungua hiyo, hakuna programu itakayonitisha tena. Nikasema kosa ni langu.

Meneja alisema makusudi ni makusudi. Ila alinitaka nibadilishe zile hatua hamsini palepale, nikabadilisha, ramani ikatoka sawa, akaikunja akaitia kwenye jalada. Masanja akaachiwa na onyo la maandishi kwa kufuja kadi za mradi.

Nilimkimbilia uani. Nilikuwa nimeshaandaa tusi. Akanigeukia, akanipa mkono. "Ahsante sana, Dada Tatu," akasema. "Umeeleza vizuri. Mungu akubariki kwa kazi." Akamchukua mtoto mmoja kwa mkewe, wakaenda zao stendi.

Dada Tatu! Miaka miwili hakuwahi kuniita hivyo. Afadhali angenipiga kibao. Wiki tatu kila barua ya kazi kutoka Rwamgasa ilianza na Ndugu Tatu, natumaini hujambo. Nikashindwa kuvumilia. Nikanunua mtetea mnene sokoni, mweusi mwenye madoa, nikapanda lori la mradi linalopeleka mapipa ya dizeli, safari ya siku mbili pamoja na kuvuka ziwa kwa kivuko, kuku miguuni mwangu.

Rwamgasa ni mashimo, Baba. Wachimbaji wanaliita kila shimo duara, na unatembea ukichunguza kila hatua usije ukaingia kwenye duara la mtu. Mama Kulwa alinipokea, sasa alikuwa anajua yote, na alinipokea vizuri, jambo lililoniumiza zaidi. Masanja akaja, akanikaribisha kiti. Nikamkabidhi kuku. Akamshika kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante, Dada, umejisumbulia nini." Halafu akatuma aitwe jirani Mwislamu aje achinje, nisiwe na wasiwasi wa kula. Masanja wa zamani angenitishia kumnyonga kuku mbele yangu! Tukala. Aliniuliza habari za Meneja, za mashine, za mvua. Alinichagulia minofu. Kila neno lilikuwa la heshima na kila neno lilinichoma. Nilimwomba radhi. Akasema, "Yamepita hayo, Dada." Nikaona hayajapita, na pengine hayatapita, na kwamba nimeua kitu ambacho sikukijenga peke yangu.

Asubuhi lori lilirudi likiwa na magunia ya vifuko vya udongo, mimi na abiria wengine kumi tukakaa juu. Alinisindikiza, akanipa mkono, hujambo, kwaheri, salamu kwa wote. Lori likaanza kuondoka. Nilijifunika khanga usoni.

Nikasikia mtu anakimbia nyuma. "Dereva! Simama! Bebe, simama!" Bebe kwao ni wewe. Dereva akakanyaga breki. Masanja amesimama katikati ya barabara, jasho linamtoka, anapiga kelele kijiji kizima kisikie: "Mmempakia huyo bila kuniuliza? Mteremsheni kwenye hayo magunia! Mzaramo huyo! Akikalia udongo wetu mpaka Shinyanga, maabara watapima wakute tui la nazi! Na ule mtetea wako, bebe, nimetafuna mpaka jino limelegea, ulimwiba kwa bibi yake nani?"

Abiria wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti, kamasi zinanitoka. Akapiga bodi la lori kwa kiganja. "Jibu basi! Au na ulimi umeuacha kwetu?" Na mwenyewe macho yalikuwa mekundu.

Nilimjibu, Baba. Siwezi kuandika nilichomwambia, barua hii itapita mikononi mwa watu.

Msalimie mama yangu mdogo na umwambie khanga ya pili haijapatikana, foleni ni ndefu. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na wanangu wa dada wasiache shule kwa ajili ya korosho. Shangazi sasa unaweza kumsomea. Bibi mpe shikamoo zangu mbili, na umpelekee ombi langu: Masanja anakuja Shinyanga mwisho wa mwezi kuleta vipimo, na maneno yote ya utani niliyotoka nayo nyumbani ameshayazoea. Bibi akae na wazee wenzake wakumbuke makali waliyokuwa wakiwatupia Wanyamwezi na Wasukuma zamani, wewe uyaandike, unitumie haraka.

Binti yako akupendaye,
Tatu